Jiwe, Boriti na Kandambili: Malighafi kama Hoja katika Sanaa ya Kuangamia kwa Matumbawe

Uhakiki wa sanaa ya mazingira katika Kiswahili hupima zaidi maudhui: kazi imeonya nini na imehimiza nini. Makala haya yanashikilia kwamba kipimo hicho hakitoshi pale kazi inapohusu kuangamia kwa matumbawe. Malighafi nayo ni hoja, na huweza kusema jambo ambalo ujumbe wa msanii umelinyamazia.

Mfano wa karibu ni Flipflopi, jahazi lenye urefu wa mita 9 hivi lililoundwa Lamu chini ya uongozi wa fundi Ali Skanda kwa takribani tani 10 za plastiki iliyookotwa, likapambwa kwa kandambili kuukuu na kuzinduliwa mwaka 2018. Mwaka 2019 lilisafiri kutoka Lamu hadi Unguja. Fani yake ni ya kupongezwa: ufundi wa jadi umeshinda taka, na kila mtazamaji huelewa bila kufafanuliwa. Lakini urahisi huo una gharama. Plastiki ni adui anayeokoteka. Joto halina mabaki ya kuokota. Mwaka 1998, maji ya bahari yalipopata joto kupita kiasi, matumbawe mengi ya Mafia yalipauka na kufa pasipo kuguswa na taka yoyote. Sanaa ikichagua adui anayeonekana pekee, humwachia mtazamaji faraja kwamba ufagio unatosha.

Hoja hii hudhihirika vizuri zaidi ikitazamwa kutoka Dimani, wilayani Kibiti. Mkazi wa huko haoni mwamba wa matumbawe, kwa kuwa tope na maji baridi ya Rufiji huyazuia matumbawe kustawi karibu na midomo ya mto. Miamba iko ng'ambo, Mafia. Hata hivyo, delta ina sehemu yake katika historia ya sanaa ya matumbawe. Boriti za mikoko ya Rufiji zilisafirishwa hadi Unguja na Uarabuni, zikaezeka nyumba ambazo kuta zake ni mawe ya matumbawe. Upana wa chumba ulifuata urefu wa boriti. Kwa hiyo nyumba ya mawe ya Waswahili ni kazi ya mifumo miwili ya ikolojia, na kuisifu kama urithi bila kuitaja mikoko na mwamba ni kusoma nusu ya matini.

Mafundi wa zamani waliujua mwamba kwa mikono. Nakshi nyembamba zilichongwa katika matumbawe yaliyokatwa yangali hai baharini, yakiwa laini, kabla hayajakauka na kuwa magumu. Maandishi ya msikiti wa Kizimkazi, yenye tarehe ya mwaka 500 Hijria (1107), ni ushahidi wa ujuzi huo. Inaweza kupingwa kwamba nao waliuharibu mwamba. Ni kweli walichukua. Lakini miamba iliendelea kuishi karne nyingi baada yao. Lililo jipya ni joto, na wao si waliolileta.

Je, ipo malighafi inayoweza kulibeba joto? Makala haya yanapendekeza chokaa. Chokaa ya pwani ni matumbawe yaliyochomwa kwa kuni, mara nyingi zikiwa za mikoko. Ni jiwe lililopitishwa motoni. Katika ujumi wa Kiswahili, weupe wa ukuta uliopakwa chokaa ni ishara ya usafi na hadhi. Katika mwamba uliopauka, weupe huohuo ni dalili ya kifo. Msanii atakayetumia chokaa kuukuu ya kuta zilizoanguka, pasipo kuchoma jiwe jipya, atakuwa ameuweka mgongano huo ndani ya fani yenyewe, wala hatahitaji kibao cha maelezo.

Kwa kuhitimisha, makala haya hayaishushi hadhi Flipflopi. Yanadai tu kwamba mhakiki aongeze swali moja: malighafi ya kazi hii inakiri nini, na inaficha nini? Bila swali hilo, tutaendelea kusifu sanaa inayosafisha ufuo huku mwamba ulio chini ya maji ukifa, ukiwa safi na mweupe.