Baba wa Jamaa Kifungoni: Barua za Franz Jägerstätter

Kitabu tunachotaka kuwaelezea leo hakikutungwa na mwalimu wala na padri. Ni barua na madaftari ya Franz Jägerstätter, mkulima wa Austria, baba wa jamaa na sakristani wa parokia yake, aliyekatwa kichwa tarehe 9 Agosti 1943 kwa kuwa alikataa kupigana katika vita vya Hitler. Hakuandika ili apigwe chapa. Alimwandikia mke wake, na katika madaftari alijiandikia mwenyewe, apate kuona wazi jambo lililomsumbua moyoni. Mama mmoja wa Austria, Erna Putz, aliyakusanya maandiko hayo, na mwaka 2007 yalitoka pamoja na barua za mke, Franziska. Kuzitia barua za mke ndani yake lilikuwa jambo la akili sana, nami nitaeleza kwa nini.

Watu wengi wakisimulia habari za Franz husema hivi: aliwekwa kati ya Mungu na jamaa yake, akamchagua Mungu, akaiacha jamaa. Wengine humsifu kwa hayo. Wengine, hasa akina mama, hutikisa kichwa. Mimi naona wote wamesoma haraka. Ukizisoma barua zenyewe polepole, humkuti mtu aliyeiacha nyumba yake. Wamkuta baba anayekataa kuifundisha nyumba yake uwongo.

Tumjue kwanza. Alizaliwa tarehe 20 Mei 1907 katika kijiji cha St. Radegund, karibu na mpaka wa Ujerumani. Mji wa wilaya yao ni Braunau, na huko Braunau ndiko Hitler mwenyewe alikozaliwa. Mama yake Franz hakuwa ameolewa, na baba yake aliuawa katika vita vya 1914–1918. Baadaye mkulima aitwaye Jägerstätter alimwoa mama huyo, akampa mtoto jina lake. Shule aliyosoma ni ile ya kijijini. Katika ujana wake alifanya kazi miaka michache kwenye machimbo ya chuma ya Eisenerz, akarudi na pikipiki, ya kwanza kuonekana kijijini kwao. Ngumi alizipenda. Mwaka 1933 alizaliwa mtoto wake wa kike, ambaye mama yake hakumwoa. Wanaoandika maisha ya watakatifu huyapita mambo ya namna hii mbio mbio. Yafaa kuyasema, maana barua za baba huyu ziliandikwa na mtu aliyejua maana ya kuzaliwa bila baba nyumbani.

Mwaka 1936, siku ya Alhamisi Kuu, alimwoa Franziska Schwaninger, na baada ya ndoa wakasafiri mpaka Roma. Wakapata mabinti watatu, 1937, 1938 na 1940. Majirani walisema mwanamke huyo ndiye aliyembadili. Franz alikuwa na imani tangu zamani, lakini kwa mke wake alijifunza kusali kila siku na kupokea Komunyo mara nyingi. Hata kabla ya ndoa alimwandikia mtoto wake wa ubatizo barua, akimwonya asome vitabu vyema, asije akarushwa huku na huku na mawazo ya watu wengine. Twapenda kuwakumbusha hayo wale wanaosema kwamba kusoma ni kazi ya karani.

Mwezi wa Machi 1938 Hitler aliitwaa Austria. Tarehe 10 Aprili watu waliitwa kupiga kura, waseme kama wanakubali. St. Radegund nzima ilisema ndiyo, isipokuwa Franz peke yake. Wakubwa hawakutaka aibu hiyo, wakaandika kwamba wote wamekubali. Basi kura yake ilipotea, na mtu aweza kudhani kwamba habari za siasa zimekwisha hapo, mkulima arudi kwenye ng'ombe wake. Lakini serikali ile haikubaki mjini. Ilikuja mpaka mlangoni, tena ilikuja na fedha. Wenye watoto walipewa msaada, na Franz, mwenye watoto wadogo, hakuupokea. Mvua ya mawe ilipoharibu mashamba, hakupokea pia msaada uliotolewa. Chama kikikusanya michango, hakutoa. Akaacha hata kwenda kilabuni, kwa kuwa huko maneno ya siasa yaligeuka ugomvi.

Kwangu mimi, habari hizo za fedha za watoto zaeleza mengi kuliko kifo chake. Kufa mara moja kwa ajili ya neno kubwa, wengi wamekufanya. Kukataa fedha halali kwa jina, zinazopewa watoto wako mwenyewe, mbele ya mke anayejua bei ya viatu, hilo ni jambo jingine. Serikali iliyotoa fedha hizo ndiyo iliyokuwa ikiwafunga mapadri. Paroko wao mwenyewe alikamatwa mwaka 1940 kwa sababu ya mahubiri. Franz hakutaka mabinti wake wakue kwa mkono ule ule.

Sasa tuyatazame madaftari. Sitawadanganya, kuna sehemu zilizo kavu. Alisoma katekisimu na vitabu vidogo vya dini, na mara nyingi arudia maneno yake kama mwanafunzi anayeogopa kukosea. Kurasa nyingine zafanana na mahubiri ya Kwaresima ambayo sote tumekwisha kuyasikia. Lakini mara anashika jambo kwa mkono wa mkulima, na hapo hakuna mwanasiasa aliyeweza kumjibu. Wajerumani walisema wamekwenda Urusi ili kupigana na Ukomunisti wenye kumchukia Mungu. Mapadri wengine walisema hivyo pia. Franz auliza: ikiwa vita ni vya dini, mbona wanazungumza sana juu ya chuma, visima vya mafuta na mashamba mazuri ya nafaka? Mtu huyu aliwahi kuchimba chuma, alijua thamani yake. Nadhani msomaji wetu wa Katanga au wa Kivu haitaji kuelezwa zaidi.

Yumo pia katika madaftari ile ndoto yake maarufu ya Januari 1938. Aliona gari la moshi zuri likizunguka mlima, watoto wakilikimbilia na watu wazima hawazuiliki. Kisha akasikia sauti ikisema kwamba gari hilo laenda motoni. Wengi wanaomwandika huanza na ndoto hii. Mimi naiweka mahali pake: ilimtia wasiwasi, lakini hoja zake hazikutegemea ndoto. Alitoa sababu moja moja, kama anayehesabu magunia. Tena hakuwarushia mapadri mawe. Aliandika kwamba nao ni watu wa nyama na damu, nao wameonewa, na kwamba waamini wawaombee.

Mwaka 1940 aliitwa jeshini mara mbili, akafundishwa kazi ya askari, na mwezi wa Aprili 1941 akarudi nyumbani, kwa kuwa mkubwa wa kijiji alimwombea kama mkulima anayehitajiwa shambani. Hapo ndipo alipokata shauri kwamba hatarudi jeshini tena. Akaanza kazi ya sakristani, na kwa mazishi hakupokea malipo. Alikwenda kuuliza kwa watu wenye elimu, hata kwa Askofu wake wa Linz, Joseph Fliesser. Baba Askofu alimweleza kwamba raia mdogo habebi dhambi za wakubwa wanaotawala, na kwamba yeye kama baba ana wajibu kwanza kwa mke na watoto wake.

Tusilicheke shauri hilo. Ndilo shauri ambalo wengi wetu tungelitoa, na wengi tumekwisha kulitoa: wewe una watoto, usijitie katika mambo ya wakubwa. Uzuri wa maandiko ya Franz ni kwamba anamjibu Askofu kwa heshima, kwenye karatasi, akitumia silaha ile ile ya ubaba. Auliza kama tendo baya lageuka kuwa jema kwa sababu mtendaji ana mke na watoto. Auliza kama baba aweza kuwalinda watoto wake kwa kwenda kuwaua baba wa watoto wengine katika vita asivyoamini kwamba ni vya haki. Anakumbuka neno la Bwana wetu juu ya kumpenda baba, mama au mtoto kuliko yeye. Hayo aliyaandika kifungoni, na mikono imefungwa. Hakukataa kila kazi: mbele ya mahakama ya kijeshi alisema yu tayari kuwahudumia majeruhi, kwa mapendo ya Kikristu. Hawakumkubalia.

Sisi tunao mashahidi wetu. Isidori Bakanja alikuwa kijana. Anuarite alikuwa mtawa. Floribert Bwana Chui wa Goma, aliyeuawa 2007 kwa kukataa rushwa ili chakula kibovu kisiuzwe, akatangazwa Mwenye Heri tarehe 15 Juni 2025, alikuwa hajaoa bado. Kati ya Mashahidi wa Uganda walikuwamo wanaume wenye mke na watoto, kama Matia Mulumba. Lakini Matia hakutuachia barua. Tungependa kujua alimwambia nini mke wake usiku wa mwisho. Kwa Franz twajua, na hii ndiyo thamani ya kitabu hiki.

Na barua zenyewe? Anayetafuta maneno makubwa atashangaa. Tarehe 1 Machi 1943 Franz alijitokeza kambini Enns, akakataa, akafungwa Linz miezi miwili, kisha tarehe 4 Mei akapelekwa Berlin, gereza la Tegel. Huko kote barua zake zauliza habari za shamba: kupanda, nyasi, ng'ombe. Amwomba Franziska asijichoshe. Auliza habari za wasichana. Tarehe 9 Aprili, siku ya kutimiza miaka saba ya ndoa, ahesabu neema walizopata tangu siku ile, kama mtu aliyeketi mezani kwake jioni. Hakuna mahali ambapo Mungu amewekwa upande mmoja na jamaa upande wa pili. Katika mstari mmoja ni viazi, katika mstari unaofuata ni Ekaristi, na mwandishi haoni kwamba ameruka.

Kisha usome za Franziska. Mwanzoni yeye naye alimsihi abadili nia; baadaye akasimama naye, maana, kama alivyoeleza mwenyewe, asipokuwa yeye Franz angekuwa hana mtu hata mmoja. Mama mkwe alimlaumu; kijiji kilimlaumu. Asubuhi shambani, jioni watoto, usiku barua. Hamfichi mumewe uchovu wake wala matumaini yake kwamba huenda atarudi. Gerezani ilimfikia Franz picha ya wale mabinti watatu wameshika kibao cha kumwomba baba yao arudi upesi. Tarehe 6 Julai alihukumiwa kufa. Wiki iliyofuata Franziska alifika Berlin pamoja na padri wa parokia, wakaonana dakika chache. Padri alijaribu tena kumgeuza.

Filamu ya Terrence Malick ya mwaka 2019 yawaonyesha wawili hao kati ya milima mirefu ya kupendeza. Ni filamu nzuri, lakini milima hiyo si ya St. Radegund, na ndani yake maneno ya barua yamekuwa kama minong'ono. Katika karatasi yanasikika kwa sauti ya kawaida, sauti ya watu wenye kazi.

Wa kwanza kuwa na shida na maandiko haya tulikuwa sisi Wakatoliki. Mwaka 1946 padri mmoja alitaka kuchapa habari za Franz katika gazeti la jimbo la Linz, Askofu akakataa. Aliona kwamba mashujaa wakubwa zaidi ni wale vijana na wababa Wakatoliki waliokufa vitani wakitimiza wajibu wao. Mmarekani Gordon Zahn ndiye aliyemjulisha kwa ulimwengu kwa kitabu chake cha mwaka 1964, na wakati wa Mtaguso wa Vatikano wa Pili Askofu Mkuu Thomas Roberts, Mjesuiti, aliwakumbusha Mababa mfano wake. Hukumu ya kifo ilifutwa na mahakama ya Berlin mwaka 1997.

Ninyi mtakaokipata kitabu hiki, nashauri muanze na barua za mke, kisha mrudi kwa za mume. Franziska alinyimwa fedha za wajane wa vita mpaka mwaka 1950, kwa sababu mumewe, walisema, hakufa kama askari. Alilima, aliwalea wasichana, na kazi ya sakristani aliyoiacha Franz aliichukua yeye. Tarehe 26 Oktoba 2007, mumewe alipotangazwa Mwenye Heri katika kanisa kuu la Linz, Franziska alikuwako, mwenye umri wa miaka 94. Alikishika mkononi chombo chenye masalio ya Franz, akakibusu, ndipo akamkabidhi Askofu.