Jinsi 641 Ilivyoivunja Dhana ya Fermat

Mwaka 1640 Pierre de Fermat, mwanasheria wa Toulouse aliyeipenda hesabu kwa moyo wake wote, alinena kwamba ukiichukua mbili ukaipandisha kwenye kipeo cha 1, 2, 4, 8, 16, 32 na kuendelea hivyo kwa kurudufu, kisha ukaongeza moja, hutapata ila namba tasa, isiyogawika ila kwa moja na kwa nafsi yake. Tano za mwanzo, 3, 5, 17, 257 na 65,537, zilimshuhudia; ya sita, 4,294,967,297, haikuwa na shahidi.

Mwenye kutegemea subira tupu angeigawa kwa namba tasa moja baada ya moja mpaka karibu na 65,536, na zilizomo humo ni 6,542. Mwanahesabu Leonhard Euler, ambaye mwanahesabu mwenzake Christian Goldbach alimtajia mas'ala hii kwa barua ya mwaka 1729, alitoa jawabu mwaka 1732 huko St. Petersburg, na katika maandishi yake ya baadaye akaidhihirisha burhani iliyoipunguza kazi.

Natuchukue namba tasa yoyote iigawayo adadi hiyo bila baki. Mbili kwa kipeo cha 32, ikigawiwa kwayo, hupungukiwa na moja tu ili itimie. Ukiizidisha kwa nafsi yake, ukafika kipeo cha 64, upungufu huo hugeuka kuwa baki ya moja. Basi mabaki ya vipeo vya mbili huzunguka na kurejea kwenye moja katika hatua ya 64, wala si kabla. Na kwa kuwa kanuni yahukumu kwamba mzunguko huo sharti uigawe namba tasa yenyewe ikiisha kutolewa moja, kila kigawanyo lazima kiwe mafungu kamili ya 64 na moja juu.

Hapo bahari imekuwa kisima. Katika 65, 129, 193 na kuendelea, ukiziacha zisizo tasa, husalia 193, 257, 449, 577, kisha 641. Na hiyo ya tano ndiyo iliyoingia sawasawa, mara 6,700,417.

Msomaji aweza kuhakikisha bila kugawa. 641 ni 5 mara 128, na moja juu. Kwa hiyo 5 mara 128 imepungukiwa na moja, na ikipandishwa kwenye kipeo cha nne huacha baki ya moja. Lakini 641 ni pia 625 na 16, na 625 ni tano kwa kipeo cha nne. Basi weka upungufu wa 16 mahali pa 625; na kwa kuwa 128 kwa kipeo cha nne mara 16 ndiyo mbili kwa kipeo cha 32, hiyo yabaki imepungukiwa na moja, ambayo ndiyo ile aliyoiongeza Fermat.

Ama ile kanuni ya mzunguko, iliyozifuta namba tasa elfu sita na ushei kabla ya kalamu kugusa wino, aliyeitangaza ni Fermat mwenyewe, katika barua ya mwaka huohuo wa 1640.