Pakiti Inayoaminika Makindu

Yupo mzee mmoja afanyaye mazingaombwe Makindu, kando ya barabara kuu ya Mombasa, ambaye hanunui karata bila kumwomba mwenye duka ruhusa ya kuifungua pakiti pale pale mezani.

Kwanza hutazama migongo. Ukingo mweupe unaozunguka mchoro lazima ulingane upana, juu na chini, kushoto na kulia. Mashine ikikata kombo hata kwa unywele, karata iliyogeuzwa kichwa chini itajitangaza katikati ya wenzake, na jicho la mtoto wa darasa la tatu litaiona kabla ya jicho la mwalimu. Kisha huiinua moja kuelekea jua, na jua la Makindu halifichi kitu, aone kama wekundu wa kopa unapenya hadi nyuma. Karata njema ni karatasi mbili zilizobandikwa kwa gundi nyeusi, na weusi huo ndio unaozuia mwanga. Halafu huipinda kidogo na kuiachia. Inatakiwa irudi yenyewe, inyooke, isibaki na kifua wala kibiongo. Nikimtazama huwakumbuka wachongaji wa Ukambani, warithi wa Mutisya Munge wa Wamunyu, wanavyoligeuzageuza gogo la muhugu na kulipima uzito kabla ya tezo kuligusa.

Wanamazingaombwe wengi duniani wameshikamana na pakiti moja, Bicycle, iliyotoka mara ya kwanza mwaka 1885 huko Cincinnati, Marekani. Kiwanda kilihamia Erlanger, Kentucky, mwaka 2009, na mwaka 2019 kikanunuliwa na Cartamundi ya Ubelgiji, lakini malaika apandaye baiskeli yungali mgongoni mwa karata zile. Ubora wake unatokana na vishimo vidogo mno vilivyobonyezwa kwa rola kwenye karatasi. Hewa hunaswa humo, karata zikateleza juu yake bila kung'ang'aniana. Ndiyo maana mkono uliozoea unaweza kuzitandaza zote hamsini na mbili kwa mpapaso mmoja, zikalala kwa nafasi sawa kuanzia ya kwanza hadi ya mwisho.

Hata ukingo uliokatwa na kisu una habari zake. Upo mchango wa karata ambamo pakiti hukatwa nusu kamili, 26 kwa 26, kisha nusu hizo zikafumwa moja kwa moja bila kuruka. Ukiurudia mara 8 bila kosa, huku karata ya juu ikibaki juu, pakiti nzima hurudi kwenye mpangilio ilioanza nao. Mtazamaji ameona karata zikichangwa hadi amechoka, na hakuna kilichobadilika! Persi Diaconis, aliyetoka kwao akiwa na miaka 14 kumfuata bingwa wa karata Dai Vernon, baadaye akawa profesa wa hisabati, na mwaka 1992 yeye na Dave Bayer walionyesha kwamba mchango wa kawaida unahitaji kama mara 7 kuivuruga pakiti sawasawa. Mfumo ule wa nusu kwa nusu hauwezekani kwa karata yoyote tu. Kisu cha kiwandani huacha ukingo umeinama kidogo upande mmoja, na mwinamo huo ndio unaoamua karata ziingiane kutoka juu au kutoka chini. Mzee huupapasa kwa ncha ya kidole gumba, macho yakiwa kwingine.

Mtu akishayajua hayo yote, ungetarajia asimame mbele ya watu na Bicycle mkononi. Anayo, na huifanyia mazoezi nyumbani. Barabarani hutumia karata za plastiki zinazouzwa duka la ng'ambo ya barabara.

Uamuzi huo naustahi kuliko wepesi wa vidole vyake. Wanaomzunguka ni madereva wa malori, abiria walioshuka kunyoosha miguu, watu wanaotoka kula chakula cha bure katika hekalu la Masingasinga lililojengwa mwaka 1926. Karibu kila mmoja wao amewahi kuona pata potea stendi fulani, karata tatu na pesa zikienda. Na hii ni Ukambani, ambako sifa ya kamuti, yaani uchawi, imevuma hata kwa wasiowahi kukanyaga Kitui wala Makueni. Pakiti ya kigeni yenye mchoro usiojulikana itazaa shaka mbili kwa mpigo: ama karata zimechezewa, ama zimefanyiwa dawa. Mzee anataka mshangao usio na hofu. Basi hutoa pakiti ile ile ambayo dereva anayo kwenye kabati la lori lake, humkabidhi mwanamke aliye karibu, na kumwambia, "Shika mwenyewe, mama. Changa upendavyo."

Gharama ya chaguo hilo huilipa yeye. Plastiki laini haina vishimo vya hewa. Kiganja kikilowa jasho, na Makindu kinalowa mapema, karata hugandana mbili mbili, na kwa kazi yake karata mbili zilizokuja kama moja ni mchezo mzima kuharibika. Kwa hiyo hujipangusa mikono kwa kitambaa kikavu kabla ya kila onyesho, hutandika mkeka mdogo ili vumbi lisipande, na ameiacha michezo yote inayodai karata ziteleze kwa mbali. Aliyoibakiza inategemea kukata, kuhesabu na kusubiri. Huchagua pakiti pana pia, yenye milimita 63, wakati nyembamba zina 57, kwa kuwa vidole vyake ni vya mtu aliyelima na pana hukaa vizuri zaidi humo.

Wala hanunui moja. Huchukua mbili za toleo lile lile, rangi ile ile, akazilinganisha mgongo kwa mgongo hapo hapo kaunta, kwa sababu ree ya shupaza ikichukuliwa na upepo au na mtoto, mbadala wake hauna budi kutoka kwa pacha. Zisipolingana humrudishia mwenye duka zote mbili, huaga, na kungoja mzigo mwingine ushushwe.