Kabla Hujasifu Mng'ao, Tazama Kichwa cha Mbao

Kuna sifa inayotolewa ovyo siku hizi katika miji ya pwani, nayo ni sifa ya mlango unaong'aa. Nyumba mpya ikikamilika Nyali, Mbezi Beach au Fumba, kitu cha kwanza kupigwa picha ni mlango wa mbele: mbao nyekundu iliyokolea, vanishi nzito, taa ya barazani ikionekana ndani yake. Wageni hupongeza, fundi hupata kazi nyingine mtaa huohuo, na kabla masika ya pili hayajakatika mlango uleule umeanza kubambuka chini, umeota madoa meusi kando ya bawaba na unakwaruza sakafu kila ukifunguliwa. Wakati huo hakuna anayerudi na kamera. Fundi simlaumu sana, kwa kuwa huuza kinachonunuliwa. Lawama ni ya jicho la mnunuzi, linalotua usoni mwa mbao na kuridhika hapo. Mbao iliyopakwa, pwani kuliko kwingineko, huhukumiwa kwenye kichwa chake, pale msumeno ulipokata nyuzi. Asiyetazama hapo hajautazama mlango.

Mng'ao wenyewe kwanza, maana ndio unaowapoteza wengi. Jua huvunja lignini, ile gundi ya asili inayoshikanisha nyuzi za mti. Tabaka linaloharibika ni jembamba, halifiki hata robo milimita, lakini ndilo hilohilo ambalo vanishi imelishikilia. Vanishi isiyo na rangi hupitisha mwanga kama kioo cha dirisha. Mbao huchakaa chini yake, kisha ngozi nzima ya vanishi hukosa pa kushika na kuachia vipande vipande. Kinachozuia mwanga ni chembe za rangi, na bora kati yake ni oksidi za chuma, zile nyekundu na kahawia ambazo watu wamezichimba udongoni tangu kale. Rangi za kuyeyuka, zisizo na chembe, hupendeza wiki ya kwanza na kupauka mapema. Hata pamanganeti ya duka la dawa, ambayo baadhi ya mafundi huisifu kwa urahisi wake, haidumu juani. Kwa hiyo nje ya nyumba rangi ya mbao ni kinga kabla ya kuwa pambo, nayo iwe ya mafuta yenye chembe, inywewe na mbao, isifanye ngozi juu yake. Msasa uishie namba 100, au 120 ikizidi sana; mbao iliyolainishwa hadi 320 hunywa kidogo mno. Na rangi iwe kahawia au nyekundu ya kutu. Ile inayoelekea chungwa haifai mlango wa nje, na hili halina mjadala.

Wauzaji watajibu kwamba zipo vanishi za baharini zenye vichujio vya jua, na kwamba ndizo zinazolinda mashua za matajiri. Ni kweli. Lakini vichujio huisha nguvu, na wenye mashua hizo huanza na makoti sita au zaidi, kisha hupiga msasa na kuongeza koti kila mwaka. Mwenye nyumba anayepaka makoti mawili na kukaa miaka mitano amenunua kopo, hajanunua kinga. Waundaji wa majahazi walikwenda njia nyingine tangu zamani: juu ya maji chombo hupakwa sifa, yaani mafuta ya ini la papa, chini ya maji hupakwa deheni ya shahamu na chokaa, na vyote viwili hurudiwa bila kubandua ngozi ngumu ya vanishi kwanza. Harufu ya sifa haivumiliki barazani, nakubali, na mafuta ya nazi hayawezi kushika nafasi yake kwa sababu hayakauki. Mafuta ya kitani hukauka, ila yakiwa matupu huota ukungu katika unyevu wetu, hivyo yatiwe dawa ya kuvu. Kanuni ya jahazi inabaki ileile: kinga ya nje iwe ya kurudiwa kwa urahisi.

Sasa kichwa. Mti ukiwa hai, ndani yake mna mirija ya kupandisha maji kutoka mizizini. Ukishapasuliwa mbao, mirija hiyo hubaki wazi kila mahali ubao ulipokatwa kwa mkingamo, na maji hupita humo kwa kasi ya mara 10 hadi 15 kuliko yanavyopenya ubavuni. Weka hesabu hiyo akilini, kisha chutama mbele ya mlango wa barazani. Mvua ikipiga sakafu huruka na kulowesha sehemu ya chini. Kila asubuhi sakafu hudekiwa, na maji ya sabuni hubaki yametanda chini ya ubao. Upepo wa bahari huleta chumvi, na chumvi huvuta unyevu usiku kucha. Yote hayo yanaelekea mahali pamoja, ukingo wa chini wenye upana wa vidole viwili, ambao mwenye nyumba hajauona tangu mlango uliposimamishwa. Maji yakishaingia hapo hupanda ndani ya ubao, na yakikuta uso umezibwa kwa vanishi hayana pa kutokea. Jua likiwaka juu yake, unyevu ule husukuma vanishi kutoka ndani. Kubambuka kunakoanzia chini na kupanda, ambako watu hudhani kumeletwa na mvua iliyopiga uso, mara nyingi kumeanzia hapo pasipoonekana.

Fundi anayejua hupaka mlango kabla haujatundikwa, ukiwa umelazwa juu ya magogo mawili, na huanza na vichwa. Hupaka mafuta mepesi yaliyolegezwa kwa tapentaini, nayo hutoweka papo hapo. Hupaka tena kabla ya yale ya kwanza kukauka, kisha tena, mpaka ukingo unakataa na mafuta yanasimama juu. Hapo hufuta yaliyobaki, maana mafuta yaliyoachwa yasimame hukauka kama ulimbo na kukamata kila vumbi. Hayaruki matundu ya bawaba na kitasa yaliyochimbwa kwa patasi, kwa sababu nayo yamefungua nyuzi. Akishashibisha vichwa vyote ndipo anagusa uso na kutia rangi. Mpangilio huu una faida ya pili ambayo jicho lililozoea huiona mara moja: kichwa kilichoshiba hakinywi rangi kupita kiasi. Kazi ya haraka hujitangaza kwa vichwa vilivyoiva weusi huku uso ukiwa kahawia, na mafundi wa kizazi kilichopita waliuhesabu weusi huo kuwa aibu, hata kwenye ukingo wa rafu ya jikoni. Leo unaonekana kwenye meza zinazouzwa kwa bei ya ng'ombe, na hakuna anayeuliza.

Kupima ni rahisi. Mlango ukiwa umelazwa, dondosha tone la maji kwenye kichwa cha ubao. Likisimama, kazi imefanyika. Likizama na kuacha doa jeusi papo hapo, hakuna kilichofanyika, hata uso ung'ae vipi. Mlango ukiwa umeshatundikwa, pitisha kioo cha mfukoni au kamera ya simu chini yake. Na kabla hata ya kuinama, tazama bawaba. Ukikuta vanishi imefunika vichwa vya skrubu, jua kwamba mlango ulipakwa ukiwa umesimama, na uliopakwa ukiwa umesimama haukupakwa chini.

Walaghai nao wanayajua majaribio haya. Wapo wanaosugua mshumaa kwenye ukingo wa chini: tone husimama vizuri kabisa siku ya makabidhiano, lakini nta huondoka kwa ufagio na dekio, na iliyobaki huyazuia mafuta yasiingie tena mpaka ukingo upigwe randa. Kwaruza kwa kucha. Ukitoka unga mweupe unaoteleza, ni mshumaa. Wapo wanaopaka ukingo upande wa kitasa tu, ambako mkono wa mkaguzi hufika, na kuuacha upande wa bawaba mbichi. Wapo pia wa oili chafu ya gereji. Hiyo hukoleza mbao vizuri na hufukuza maji kwa muda, lakini haikauki, inanuka, inachafua kanzu ya kila anayeegemea, na hakuna rangi itakayoshika juu yake baadaye. Oili chafu ibaki kwenye nguzo za uzio wa shamba.

Pingamizi zito zaidi ni hili: milango ya kale ya Lamu na ya Mji Mkongwe wa Unguja imedumu kwa sababu ya mbao yake, wala si kwa mafuta. Ni mbambakofi, ambayo Watanzania huiita mkongo, au ni msaji, na mbao hizo hujilinda zenyewe. Nusu ya hoja hii ni kweli. Mbambakofi huhimili mchwa na kuvu hata ikiachwa tupu, na paini ya mashamba ya Sao Hill haitafikishwa huko na kopo lolote la mafuta. Lakini itazame milango hiyohiyo kwa utulivu. Mwimo mmoja, mti mmoja, umri mmoja: juu nakshi bado ina makali, chini mguu umelika, na penginepo umekatwa na kuungwa kipande kipya. Kama aina ya mti ingeamua kila kitu, mwimo ungezeeka sawasawa toka juu hadi chini. Kinachotofautisha juu na chini ni maji na mahali yanapoingilia. Na kama mbambakofi yenyewe inashindwa miguuni, paini ina haja zaidi ya kushibishwa, si pungufu. Wanaoisugua milango hiyo ya kale kwa mashine ya kukatia vyuma ili ionekane mipya, wakala makali ya nakshi, kisha wakaifunika vanishi, wanafanya uharibifu ambao chumvi na jua havikuufanya kwa miaka mia.

Ndani ya nyumba sheria hulegea. Jua kali halifiki, ngozi ya vanishi inaruhusiwa, hata laka ya kupuliza, ingawa mng'ao mkali nauona unafaa meza ya kulia tu. Atakayepuliza laka siku ya mvua atapata utando mweupe, kwa sababu thina ikiruka hupoza uso na kuvuta unyevu wa hewa. Fundi mwenye subira husubiri jua la saa nne, mwenye haraka hukoleza rangi kuuficha utando. Jambo kubwa zaidi ni kiyoyozi. Katika hewa yenye unyevu wa asilimia 80, mbao hutulia ikiwa na maji ya takriban asilimia 15 ya uzito wake mkavu. Katika chumba chenye kiyoyozi, unyevu ukiwa asilimia 50, hushuka hadi 9 hivi. Mlango ulio kati ya hali hizo mbili huvutwa pande mbili, na uliopakwa upande mmoja tu hupinda. Pande zote mbili zipate makoti sawa, pamoja na vichwa vyote. Na hata ndani, kichwa ndicho shahidi dhidi ya paini iliyovishwa rangi ya mninga: uso unaweza kudanganya, lakini ukingoni duara za paini hujipanga laini kwa ngumu, nyeupe kwa kahawia, kwa namna ambayo mninga haina.

Kudanganywa huku na mng'ao kunauma zaidi kwa kuwa pwani hii iliwahi kuufundisha ulimwengu kuhusu vanishi. Karne ya 19 sandarusi ya Unguja na mrima, utomvu wa mti uliogeuka mgumu ardhini, ilisafirishwa hadi Salem, Marekani, na bandari za Ulaya, ikatengenezewa vanishi za magari ya farasi ambazo hazikuwa na mshindani. Wanunuzi hawakuipima kwa jinsi ilivyometa. Waliiosha udongo na kutafuta uso wenye vipele vidogo, ule walioufananisha na ngozi ya bata bukini, alama ya sandarusi iliyokaa ardhini muda mrefu. Isiyo nayo ilikuwa chakazi, utomvu mbichi, na bei yake ilishuka hapohapo. Watu wale walijua kwamba ubora una mahali pake pa kutazamwa, na walipatazama kabla ya kutoa fedha.

Watasema kudai mlango ushushwe kwenye bawaba kabla ya kumaliza malipo ni kumdhalilisha fundi. Sivyo. Fundi mzuri hukuita mwenyewe kabla ya kuutundika, akuonyeshe vichwa vyote vinne vya mbao za wima, juu na chini, kwa kuwa anajua hapo ndipo kazi yake ilipo na kwamba baada ya saa moja hakuna atakayeiona. Anayekasirika ana ukingo mbichi. Mapatano yawekwe mapema: kazi ifanyike miezi mikavu ya kaskazi, Januari au Februari, kivulini, theluthi ya fedha ibaki mkononi mpaka tone la maji lisimame, na kila mwaka kabla ya masika fundi yuleyule arudi, aushushe mlango, aupanguse chumvi kwa maji matamu, auache ukauke siku mbili na kuushibisha mafuta chini. Malipo ya kazi hiyo ya kila mwaka ni madogo kuliko bei ya kopo moja la vanishi ya baharini.