'Naenda kusoma' na 'voy a estudiar': Wakati ujao uliopotelea njiani

NINAZO mikononi karatasi nane za mafunzo ya Kihispania. Nimeletewa na binti wa jirani yangu hapa Kitale, aliyemaliza kidato cha nne na ambaye kwa miezi kadhaa sasa amekuwa akijifunza lugha hiyo jioni, kwa simu na kwa karatasi hizi. Alikuja na swali moja tu: "Mwalimu, mbona mama amenicheka?"

Kisa kiko katika karatasi ya tano, inayofundisha jinsi ya kuzungumzia mipango ya siku zijazo. Ina safu tatu: Kihispania kushoto, Kiingereza katikati, Kiswahili kulia. Mwanafunzi ameagizwa amsomee mtu wa nyumbani sentensi zake kwa lugha zote. Binti akasoma: "Voy a ayudar a mi madre." Kisha akasoma ya kulia: "Naenda kumsaidia mama yangu." Mama, aliyekuwa ameketi mbele yake akichambua kunde, akamwuliza, "Mama yako yupi huyo, na yuko wapi hata uende?"

Mama huyo hajui neno la Kihispania, lakini kosa amelikamata mara moja. Nimezisoma karatasi zote nane, na sentensi za namna hiyo zimejaa. "Vamos a comer" imefasiriwa "tunaenda kula". "Va a llover" imekuwa "inaenda kunyesha". Iliyonimaliza kabisa ni "voy a ir al mercado", ambayo mwandishi ameiandika, bila hata kupepesa macho, "naenda kuenda sokoni".

Ni kweli kwamba "voy" maana yake ni "naenda", na "a" ni kihusishi kinachoonyesha kule mtu aelekeako. Neno kwa neno karatasi haina hatia. Lakini Mhispania anayesema "voy a estudiar" huenda ameketi kitini na hana nia ya kutoka hapo. Kitenzi chake cha kwenda kimeshapoteza miguu. Kimebaki kuwa alama ya wakati. Chetu bado kina miguu. Ukisema "naenda kuoga", tunatarajia uinuke ushike taulo. Ukisema "amekwenda kuchota maji", hatumtafuti ndani ya nyumba. Ukiuondoa mwendo katika "naenda ku-", ulichobaki nacho ni "I am going to" ya Kiingereza iliyovikwa viambishi vyetu.

Nisimwonee mwandishi wa karatasi hizi, kwani ugonjwa haukuanzia kwake. Siku hizi mwanasiasa jukwaani "anaenda kujenga" barabara, mtangazaji "anaenda kutuletea" matokeo, na mhubiri anatuhakikishia kwamba Mungu "anaenda kututendea" jambo mwaka huu. Wiki mbili zilizopita nilipanda matatu hapa Kitale kwenda Bungoma. Utingo alikuwa akipiga kelele, "Gari inaenda kutoka sahi, wawili twende!" Zikapita dakika arobaini. Mzee aliyeketi kando yangu akasema taratibu, "Kuenda inaenda. Kutoka ndio bado." Abiria wakaangua kicheko, gari lisiondoke hata hivyo. Hadi tunafika Kiminini nilikuwa bado naitafakari kauli ile, maana mzee alikuwa amefanya uchambuzi wa sarufi ambao ungempa mwanafunzi wa chuo kikuu alama nzuri.

Wapo watakaonijibu kwamba lugha hubadilika, na kwamba ikiwa Kihispania, Kifaransa na Kiingereza vyote vimefanya kitenzi cha kwenda kuwa alama ya wakati ujao, Kiswahili kina dhambi gani kufuata? Hoja hii ina uzito na sitaki kuirukia tu. Lugha nyingi duniani zimeutoa wakati ujao katika vitenzi vya kawaida. Kihispania chenyewe kimefanya hivyo mara mbili. "Hablaré", yaani nitasema, ni kitenzi kisoukomo "hablar" kilichoungwa na "he", ambayo asili yake ni kitenzi cha Kilatini chenye maana ya kuwa na kitu. Tazama miisho yake, -é, -ás, -á, kisha itazame "he, has, ha". Ukoo unaonekana usoni. Zamani vipande hivyo viwili viliweza hata kutenganishwa na kiwakilishi kikaingia katikati. Baadaye ndipo "voy a" ikaja, na leo katika mazungumzo ya kila siku ndiyo inayotamba.

Na sisi je? Kiambishi chetu -ta- wataalamu wanakihusisha na kitenzi "taka", na ushahidi tunautamka kila siku bila kuutambua. Tunasema "anayesoma", "aliyesoma". Kwa mpangilio huo ungetarajia "atayesoma", na mitaani utaisikia, lakini Kiswahili sanifu kinadai "atakayesoma". Ile -ka- haikuokotwa barabarani. Ni mabaki ya "taka" yaliyosalia katika kirejeshi baada ya kukatika kwingineko: nitakapofika, watakaoshinda, itakavyokuwa. Mwanafunzi yeyote aliyepitia sarufi ya Ashton ya mwaka 1944 amekutana na umbo hilo. Na kitenzi kizima bado kinafanya kazi ile ile ya kale tunapotazama mawingu juu ya Mlima Elgon na kusema, "mvua inataka kunyesha." Mvua haina matakwa. Tunasema tu kwamba iko karibu. Jambo la kupendeza ni kwamba Wahispania nao husema "quiere llover", yaani inataka kunyesha. Karatasi ya tano ilikuwa na nafasi ya kumpa binti huyu zawadi hiyo, ikampa "inaenda kunyesha".

Kwa hiyo sisemi kwamba kitenzi cha mwendo ni haramu katika wakati ujao. Tunacho chetu, nacho ni "kuja". Bibi akikwambia "utakuja kunikumbuka", hasemi kwamba utafunga safari. Anasema siku moja, huko mbele, mambo yatageuka. "Atakuja kuwa daktari" hatuoni kasoro yake. Kiswahili kimempa "kuja" kazi ya kuonyesha ujao wa mbali, na kazi hiyo anaifanya vizuri mno.

Naye "kwenda" ana kazi nyingine tuliyompa zamani, na hapa ndipo napoona hatari hasa. Chukua kitenzi "enda", kitie kiambishi hu-, upate "huenda". Huenda akaja. Huenda mvua ikanyesha. Neno hilo limeacha mwendo, likawa alama ya shaka! Wahispania walimwajiri "ir" aseme mpango. Sisi tulimwajiri "enda" aseme labda. Anayesimama jukwaani Webuye na kuahidi kwamba "tunaenda kujenga" anatumia kitenzi ambacho katika lugha yetu kilikwisha kukabidhiwa mashaka. Nakiri kwamba msikilizaji wa kawaida hafanyi hesabu hiyo kichwani. Lakini yule mzee wa matatu aliifanya.

Kuna utetezi mmoja wa "naenda ku-" ambao nauheshimu zaidi, na haujengwi juu ya Kiingereza. Lubukusu, kama lugha nyingi za Kibantu, hutenganisha wakati ujao wa karibu na ule wa mbali kwa maumbo tofauti ya kitenzi. Mtu aliyelelewa Bungoma au Trans Nzoia akiwa na lugha hiyo kinywani anafika kwenye Kiswahili, anakuta -ta- moja tu inayobeba kesho na miaka kumi ijayo, anahisi amepunjwa. Labda "naenda ku-" inampa kile alichozoea. Nakubali kwamba pengo analolihisi ni la kweli. Ila zana za kuliziba zipo: "nataka kuondoka", "niko karibu kuondoka", "naondoka sasa hivi", au wakati uliopo peke yake, "kesho naondoka". Hii ya mwisho Wahispania wanayo vile vile: "mañana salgo." Karatasi haikuitaja popote.

Hapa ndipo penye lawama yangu kubwa. Ubaya wa safu ile ya katikati ni kwamba unamlazimisha mtoto wa Kitale apitie London kila anapotaka kwenda Madrid, ilhali kuna njia za mkato kutoka mlangoni kwake. Wanafunzi wengi wa Kihispania huteswa na sentensi kama "cuando termine, trabajaré." Baada ya "cuando", jambo likiwa bado halijatokea, Kihispania hakikubali wakati ujao, kinataka umbo jingine la kitenzi, lile la mambo ambayo bado ni ya kudhaniwa au kutakiwa. Anayeanzia "nitakapomaliza" ataandika "cuando terminaré", akosolewe. Lakini mwambie aanzie "nikimaliza nitafanya kazi". Hapo ataona mwenyewe kwamba upande wa kwanza hauna -ta-, na kwamba wakati ujao unasubiri upande wa pili.

Au chukua "esperaré hasta que venga". Kiingereza hakimsaidii mwanafunzi hapo. Kiswahili kinamsaidia kabisa: "nitangoja mpaka aje." Aje, si anakuja wala atakuja. Kitenzi kimegeuza mwisho wake kuwa -e kwa sababu ujio bado haujawa, na Kihispania kimegeuza mwisho wa kitenzi chake kwa sababu iyo hiyo. Mwalimu anayejua hili anaweza kulifundisha kwa dakika tano somo ambalo karatasi ya saba imelitengea kurasa mbili za kanuni, kisha ikalifunga kwa kumwambia mwanafunzi akariri.

Nina mfano wa tatu. Wahispania hutumia wakati ujao kukisia jambo la sasa: "serán las tres." Karatasi inasema hili ni "tukio la pekee la Kihispania". La pekee lipi? Uliza mtu asiye na saa hapa sokoni, atakujibu, "Itakuwa saa tisa hivi." "Habrá llegado" ni "atakuwa amefika". (Saa tatu yao kuwa saa tisa yetu ni somo jingine, na hilo karatasi imelisahau pia.)

Huenda msomaji akaona nimelishikilia jambo dogo. Hebu tukumbuke kwamba mwaka 2018 madaktari wapatao 100 kutoka Cuba walisambazwa katika kaunti zetu, na madaktari wa Kenya wakapelekwa Cuba kusomea tiba ya familia. Fikiria daktari anayemwambia mgonjwa, "Voy a examinarla," na mkalimani aliyefunzwa kwa karatasi hizi akafasiri, "Anaenda kukupima." Mgonjwa anamwona daktari amesimama pale pale. Anaenda wapi? Atarudi lini? Nimngoje hapa au nimfuate? Mkalimani angetumia silabi chache zaidi: "Atakupima sasa." Isitoshe, Kihispania si cha ng'ambo peke yake; ni lugha rasmi ya Guinea ya Ikweta, hapa hapa Afrika. Lugha za kigeni zilizozoeleka katika mtihani wa KCSE ni Kifaransa, Kijerumani na Kiarabu, kwa hiyo anayetaka Kihispania katika miji kama yetu hujitegemea kwa simu na karatasi. Ndiyo maana karatasi ikikosea, aghalabu hana mwingine wa kumsahihisha isipokuwa mama anayechambua kunde.

Binti nilimpa kazi. Nilimwambia aikate safu ya katikati kwa kalamu, kisha ya kulia aiandike upya kwa Kiswahili anachoongea nyumbani, si kile anachodhani kinafaa kwenye karatasi. Amerudi jana. "Va a llover" sasa ni "mvua inataka kunyesha". "Pienso viajar en enero" ameiandika "nakusudia kusafiri Januari", nami sikuongeza kitu. Aliniuliza kama "vamos a comer" ni "tutakula" au "twende tukale". Nikamwambia Wahispania huitumia kwa maana zote mbili, kwa hiyo atazame kwanza ni nani anasema na kama chakula kiko tayari.

Jioni alimsomea mama yake tena. Alipofika kwenye "mañana voy a ir a Bungoma", akasoma ya kulia: "Kesho naenda Bungoma kwa senge."

Mama hakucheka. Aliacha alichokuwa akifanya, akauliza, "Nauli amekupa nani?"