Timu, Bendi na Mji: Uhakiki wa Friday Night Lights

Friday Night Lights, kitabu kilichotungwa na H. G. Bissinger na kuchapishwa mwaka 1990, ni masimulizi ya kweli ya timu ya shule ya sekondari ya Permian, katika mji wa Odessa, Texas, Marekani. Mtungaji, mwandishi wa magazeti kutoka Philadelphia, alihamia huko mwaka 1988 akaandamana na timu hiyo msimu mzima. Mchezo wenyewe ni mpira wa Kimarekani, ambao hutumia mikono kuliko miguu. Lakini asiyejua sheria zake hatapotea, maana habari isimuliwayo ni ya mji kuliko ya mpira.

Odessa ni mji wa mafuta. Bei ya mafuta ilipoanguka katika miaka ya 1980 wengi walifilisika, na fahari iliyowabakia ni timu ya watoto wao. Bissinger aeleza kwa ufasaha jinsi mila zilivyoilea fahari hiyo. Kabla ya msimu watu wazima walikutana kula matikiti maji na kuonyeshwa wachezaji. Kila mchezaji alikuwa na msichana wa shule wa kumwandalia vitamu. Siku ya mchezo bendi ilipiga tarumbeta na ngoma, umati ukaitika neno moja, Mojo, katika uwanja wenye viti zaidi ya 19,000.

Sifa kubwa ya kitabu ni kwamba chatoka uwanjani kikaingia katika daftari la hesabu. Idara ya Kiingereza ilipata dola 5,040 za vifaa vya kufundishia. Dawa na bendeji za wachezaji ziligharimu dola 6,750. Tarakimu hizo mbili zashtaki kuliko kurasa nyingi za lawama.

Sehemu iliyo bora ni habari ya Boobie Miles, kijana Mweusi aliyetazamiwa kuwa nyota wa timu. Aliumia goti kabla ya msimu kuanza, na wale waliomshangilia wakamgeuzia kisogo. Wengine hawakuona haya kumdharau kwa rangi yake. Shule za Odessa ziliacha kuwatenga wanafunzi kwa rangi mwaka 1982, tena kwa amri ya mahakama. Kwa kisa hiki mtungaji athibitisha kwamba kijana huyo alipendwa kwa miguu yake, wala si kwa nafsi yake.

Yamkini msomaji atauliza: mbona aliyekusudia kuonya asimulia michezo kwa utamu mwingi hivyo? Sarafu inaporushwa ili kuamua ni timu zipi, kati ya tatu zilizolingana, zitakazoendelea, au Permian inaposhindwa na Carter ya Dallas kwa 14 kwa 9 katika nusu fainali, moyo wa msomaji wadunda pamoja na umati. Hiyo si kasoro. Asiyeonja ulevi ule angeuhukumu mji kwa mbali, kama kwamba yeye hawezi kulewa.

Kasoro iko penginepo. Mtungaji alichagua wachezaji wachache akafuata maisha yao mpaka majumbani, lakini hakuna hata mpiga tarumbeta mmoja aliyepewa heshima hiyo. Bendi yasikika tu, kama upepo. Lakini wapigaji nao ni wanafunzi. Nao hufanya mazoezi, huvaa sare, huchoka. Tena elimu yao haitegemei goti: aliyejifunza kupiga tarumbeta akiwa na miaka kumi na saba aweza kuipiga akiwa na sitini. Lau Bissinger angemweka mmoja wao kando ya Miles, msomaji angeona wazi ni lipi shule ile iliweza kumpa kijana likadumu, na ni lipi iliazima kwake kisha ikamtupa.

Watu wa Odessa walikikasirikia kitabu, na vitisho vikamzuia mtungaji kurudi kukitangaza. Hasira hiyo ni ushahidi kwamba wengi walijitambua ndani yake. Wanaofundisha wanastahili kukisoma, maana kila shule yenye timu ina daftari la hesabu, na kila msimu una kijana aliyeumia.