Kuzingira, Kufunga na Kuzuia: Uhakiki wa Istilahi Moja ya Vita vya Baharini

Katika maandishi ya Kiswahili juu ya Vita Kuu ya Kwanza, tendo la kikosi cha manowari kumkatia adui njia ya bahari hutajwa kwa maneno matatu: kuzingira, kufunga bahari, na kuweka vikwazo. Hutumiwa kana kwamba ni mamoja. Makala hii yakusudia kuonyesha kwamba si mamoja, na kwamba kuyachanganya kwatupotezea sehemu ya historia yetu.

Tuanze na kuzingira. Asili yake ni zinga, yaani zunguka. Mji huzingirwa pande zote, hata aliyemo asipate pa kutokea. Washairi wa kale waliita jambo hili kuhusuru. Sasa tuupime mji wa Arusha, chini ya Mlima Meru. Katika mwaka 1915 hakuna jeshi lililouzunguka, na njia zake zilikuwa wazi. Hata hivyo bidhaa za ng'ambo zilizokwenda huko zilishushwa Tanga, zikapanda reli hadi Moshi, kisha zikafuata barabara. Manowari za Kiingereza zilipoikata njia hiyo baharini, Arusha iliguswa bila ya kuzingirwa. Mwanafunzi asomaye kwamba nchi "ilizingirwa" atawatafuta askari kandokando ya mji, na hatawaona.

Kufunga nako kwasema kupita kiasi. Mlango uliofungwa haupitiki. Waingereza walitangaza kuizuia pwani ya Afrika Mashariki ya Kijerumani kuanzia 1 Machi 1915. Mwezi uliofuata meli ya Rubens, iliyojifanya ya Kidenmark kwa jina la Kronborg, ilifika ghuba ya Manza, kaskazini ya Tanga. Manowari Hyacinth iliipiga ikawaka moto, lakini Wajerumani wakaokoa sehemu kubwa ya silaha na risasi zake. Machi 1916 meli ya pili, Marie, ikafika ghuba ya Sudi, ikashusha shehena, ikaondoka salama. Bahari hiyo ilikuwa ikilindwa, haikuwa imefungwa.

Neno vikwazo lina kasoro ya namna nyingine. Vikwazo vyaweza kuwekwa kwa kalamu, mezani, pasipo chombo hata kimoja majini. Lakini Azimio la Paris la 1856 lilitamka kwamba tendo hili haliwafungi wengine kisheria ila likiwa na nguvu halisi ya kuwazuia wasiifikie pwani ya adui. Tangazo lisilo na manowari si kitu.

Kwa hiyo napendekeza zuio la manowari. Yawezekana wenzangu watasema kwamba zuio tayari ni neno la mahakama, na kwamba lugha ina haki ya kuipanua maana ya kuzingira. Haki hiyo siikatai. Lakini istilahi hupimwa kwa maswali inayotulazimisha kuuliza, na jina la manowari latulazimisha kuuliza: ni za nani, na dhidi ya nani? Desemba 1888 manowari za Ujerumani na Uingereza ziliizuia pwani hii hii pamoja, zikitaja biashara ya watumwa na silaha, wakati watu wa Mrima walipokuwa wakiipinga kampuni ya Kijerumani. Mwaka 1915 Mwingereza alimzuia Mjerumani. Ukiandika "pwani ilifungwa" mara zote mbili, mfungaji ametoweka katika sentensi.

Tena ametoweka aliyebeba uzito. Shehena ya Manza ilichukuliwa kwa mabega ya wapagazi Waafrika. Taasisi ya Amani, huko Usambara, ilitengeneza kwinini kwa kuwa ya ng'ambo haikufika. Aprili 1916, kikosi cha van Deventer kilipotoka Arusha kwenda Lolkisale na Kondoa Irangi, vita vilikuwa vimekwisha kupanda bara. Lakini athari za bahari zilitangulia kufika. Mwandishi anayechagua neno kwa uangalifu atamwonyesha msomaji wa Meru kwamba historia ya bahari ni yake pia.